Kwa Nini Anayeacha Pombe Ghafla Hutetemeka, na Lini Kutetemeka Huko Ni Hatari

Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, na kila mara polisi wanapofanya msako katika mangwe, yaani vilabu vya mnazi, za Kisauni, Likoni na Changamwe, huwapo watu hapa Mombasa wanaoacha pombe kwa siku moja. Baadhi yao wameamua wenyewe kwa nia safi, wengine wamekosa pa kunywea, na wengine wamelala korokoroni. Baada ya siku mbili tatu, nyumbani kwao huanza kuulizwa maswali yale yale. Mbona anatetemeka ilhali hajanywa? Mbona ameanguka kifafa na katika ukoo wetu hakuna mwenye kifafa? Mbona anazungumza na watu ambao hawamo chumbani? Majibu hayakosekani barazani. Huyu atasema ni jini, yule atasema ni sumu inayotoka mwilini na iachwe itoke, na mwingine atasema anajitia ugonjwa ili anunuliwe glasi moja. Majibu hayo yote matatu yanaweza kumuua mtu, kwa sababu yanamfanya abaki nyumbani saa ambazo angepaswa kuwa hospitali.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Maumivu ya kichwa, kiu na kichefuchefu anachoamka nacho mtu aliyelewa usiku uliopita, hata kama hunywa mara mbili tu kwa mwaka, ni uchovu wa pombe, nao huisha kwa maji, chakula na usingizi. Jambo tunalolizungumzia hapa ni jingine. Ni hali inayompata mtu ambaye mwili wake umeshaizoea pombe kwa kunywa kila siku au karibu kila siku, kwa wiki, miezi au miaka, kisha akaacha kabisa au akapunguza kwa ghafla. Vijana wa hapa Pwani huiita arosto, ingawa wamezoea kulitumia jina hilo zaidi kwa heroini. Njia nyepesi ya kumtambua aliyefika hapo ni kuitazama asubuhi yake. Ikiwa analazimika kukiacha kikombe mezani na kuinamisha kichwa ili ainywe chai bila kuimwaga, na mikono hutulia tu akishapata pombe ya kutoa loki, yaani ile ya asubuhi ya kuondoa taabu ya jana, basi mwili wake umekuwa tegemezi, awe anakunywa bia ya baa, chang'aa au mnazi.

Mnazi nimeutaja kwa makusudi. Wapo wengi wanaoamini kwamba, kwa kuwa ni kinywaji cha asili kinachogemwa mtini na chenye heshima yake katika mahari na matambiko ya Wamijikenda, hauwezi kumfanya mtu mraibu. Ni kweli kwamba mnazi uliogemwa muda huo huo ni mtamu na una kilevi kidogo sana, lakini huanza kuchacha wenyewe ndani ya saa chache, na ukishachacha huwa na kilevi kinachokaribiana na cha bia, takriban asilimia 4 hadi 6. Ubongo hauna habari kama kilevi kimetoka kiwandani au kimetoka kileleni mwa mnazi. Anayekunywa chupa nyingi za mnazi kila siku kwa miaka yuko katika hatari ile ile.

Sasa, kwa nini kuacha kitu chenye madhara kumdhuru mtu? Ubongo wetu hutumia kemikali nyingi kupeleka habari, lakini mbili ndizo zinazohusika zaidi hapa. Moja, iitwayo GABA, hutuliza. Nyingine, iitwayo glutamati, huchangamsha. Pombe huiongezea nguvu ile inayotuliza na kuizuia ile inayochangamsha, na ndiyo maana aliyekunywa hulegea, huongea kwa kuburura maneno na hatimaye husinzia. Mtu anapokunywa kila siku, ubongo haukubali kuzimwa hivyo. Hupunguza mwitikio wake kwa kemikali ya kutuliza na kuongeza vipokezi vya ile ya kuchangamsha, mpaka anaweza kunywa kiasi ambacho kingemwangusha mwingine naye akatembea sawasawa.

Mfikirie hamali wa Kongowea anayesukuma mkokoteni wenye magunia ya viazi kupanda mwinuko. Amejiegemeza kwa uzito wake wote, miguu imekaza, kifua kimelala mbele, naye haanguki kwa sababu mzigo unamrudishia nguvu. Mkokoteni huo ukiondolewa mbele yake kwa ghafla, ataanguka kifudifudi kwa nguvu zake mwenyewe. Ndivyo ulivyo ubongo wa mtu aliyezoea pombe. Umejikaza kila siku dhidi ya pombe, na pombe inapotoweka kwa siku moja, ile nguvu yote ya kujikaza hubaki bila kizuizi. Mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, jasho humtoka, shinikizo la damu hupanda, usingizi hukimbia, na kwa baadhi ya watu ubongo huchangamka kupita kiasi hadi kuleta kifafa. Hakuna sumu inayotoka hapo. Kwa hakika pombe yenyewe huwa imeshakwisha au inakaribia kwisha katika damu wakati dalili zinapopamba moto.

Hata waganga wa zamani walichanganyikiwa kuhusu jambo hili. Thomas Sutton, daktari wa Uingereza, aliuandikia mwaka 1813 ugonjwa wa kuweweseka na kutetemeka unaowapata wanywaji, na kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake madaktari waliendelea kubishana kama unasababishwa na pombe yenyewe, na lishe duni ya walevi, au na kuacha kunywa. Ubishi huo ulipata jibu mwaka 1955, wakati mtafiti Harris Isbell na wenzake huko Lexington, Kentucky, Marekani, walipowapa pombe nyingi kila siku, kwa wiki kadhaa, wanaume waliokuwa wakila vizuri, kisha wakaikatisha. Wanaume hao walitetemeka, na baadhi yao walipata kifafa na kuweweseka. Ni jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa, na halikupaswa kufanyiwa binadamu, lakini lilionyesha bila shaka kwamba kuacha ghafla kunatosha kuleta dalili hizo kwa mtu mwenye lishe nzuri na asiyekuwa na kifafa hapo awali.

Mambo haya hufuata saa, na anayezijua saa hizo anaweza kuokoa maisha. Chukua mtu aliyekunywa glasi yake ya mwisho Ijumaa saa nne usiku. Kuanzia Jumamosi alfajiri hadi saa nne asubuhi, yaani saa 6 hadi 12 baadaye, ataanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, kutapika, kuumwa kichwa na kuwa na wasiwasi usio na sababu. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, yakapamba moto siku ya pili na kupungua ndani ya siku nne au tano. Wachache, kati ya Jumamosi hiyo na Jumapili usiku, hupata kifafa, mara nyingi kimoja au viwili vinavyofuatana kwa karibu. Wengine katika saa hizo husikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, ingawa bado wanajua walipo na wanazungumza na nani. Kipindi kinachotisha zaidi ni kati ya Jumapili usiku na Jumanne usiku, saa 48 hadi 96 tangu glasi ya mwisho, ambapo huweza kuja kule kuweweseka alikokueleza Sutton. Hapo kosa kubwa hutokea. Familia imeshaona mgonjwa amevuka siku ya kwanza, imeshapumua, aliyekuwa akimwangalia amerudi kazini kwake, na ndipo hali inapogeuka.

Kuweweseka huku hakufanani na ulevi wala na huzuni ya kuacha pombe. Mtu hajui ni mchana au usiku, anamwita dadake kwa jina la mamake aliyefariki, anavuta nyuzi za shuka au kuokota wadudu ambao hakuna mwingine anayewaona, anataka kutoka nje kwenda kazini saa tisa usiku. Mwili una moto, moyo unadunda, jasho limelowesha godoro. Hutokea kwa wachache kati ya wanaoacha ghafla, pengine watatu hadi watano katika kila mia, lakini kabla ya tiba za kisasa hadi thuluthi moja ya waliofikia hatua hiyo walikuwa wakifariki. Kwa matibabu ya hospitali, wanaofariki ni chini ya watano katika mia. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Naelewa kwa nini watu wa hapa huona jini. Mtu mpole anapopiga kelele na kuzungumza na wasioonekana, usiku wa tatu tangu aahidi kuacha pombe, ni vigumu kulifikiria jambo la kemikali. Sina neno na anayetaka mgonjwa wake asomewe au aombewe. Faraja ya dua ni kubwa, na sheikh au mchungaji anaweza kukaa kando ya kitanda cha hospitali. Ninachoomba ni kwamba dua isitangulie gari la wagonjwa, kwamba mgonjwa asifungwe kamba wala kufungiwa chumbani, na kwamba asifungishwe saumu akiwa katika hali hiyo. Anayeacha pombe huku akifunga bila maji kutwa nzima katika joto la Mombasa anaongeza upungufu wa maji na wa sukari juu ya ubongo uliokwisha kuchangamka kupita kiasi. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Kuhusu Ramadhani kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Wapo wanaoacha kila mwaka mwezi unapoandama na kurejea mangweni baada ya Idi. Kila mara ubongo uliozoea pombe unapokatishwa ghafla, mara inayofuata huelekea kuwa kali zaidi. Aliyetetemeka tu miaka mitano iliyopita anaweza kupata kifafa mwaka huu, na aliyewahi kupata kifafa yuko karibu zaidi na kuweweseka. Kwa hiyo mtu asiseme, "Nimeacha mara nyingi na sikuona kitu." Nia yake ni njema na haifai kuvunjwa. Inafaa apelekwe kwa daktari wiki mbili tatu kabla ya mwezi, ili aingie Ramadhani akiwa ameshapita hatari.

Hapa mjini tumeizoea sana heroini, na kutokana na mazoea hayo imezaliwa imani kwamba arosto ya pombe ni ya watoto. Ukweli uko kinyume. Arosto ya heroini ni mateso makubwa ya mifupa, tumbo na usingizi, lakini kwa kawaida haimuui mtu mzima mwenye afya ikiwa anapata maji ya kutosha. Arosto ya pombe inaua. Anayejiandaa kuacha pombe asichukue ushauri wa rafiki aliyeacha unga kwa kujifungia chumbani.

Vipi basi kuhusu glasi moja ya kumtuliza? Hutuliza kweli, na ndiyo maana imani hii haifi. Kurudi kwenye mfano wetu, ni kumrudishia hamali mkokoteni. Madaktari hawaipendi njia ya kupunguza pombe nyumbani kidogo kidogo, kwa sababu huutegemea uamuzi wa mtu ambaye tatizo lake ni kushindwa kujizuia, tena kwa kinywaji kama chang'aa ambacho hakuna ajuaye nguvu yake. Lakini yako mambo mawili ya kweli ambayo sina budi kuyasema pamoja. Mtu tegemezi ambaye bado hajapata daktari asikatishe ghafla kwa ushujaa. Na anayechukizwa na wazo la kuendelea kunywa hata siku moja, kwa dini yake au kwa ahadi aliyoitoa, anayo njia ya halali na salama zaidi, nayo ni dawa za hospitali, ambazo hazina pombe ndani yake.

Dawa hizo ni za jamii ya diazepamu. Hufanya kazi kupitia ile ile kemikali ya kutuliza ambayo pombe ilikuwa ikiitumia, kwa hiyo ubongo haubaki bila kizuizi. Daktari huanza na kiasi kinacholingana na ukali wa dalili, kisha hupunguza siku hadi siku kwa muda wa karibu wiki moja, sawa na kumpunguzia hamali gunia moja moja huku akijifunza tena kusimama wima. Ndiyo maana vidonge vya mtaani viitwavyo bugizi haviwezi kushika nafasi hiyo. Hakuna ajuaye vina nini wala nguvu gani, na vikichanganywa na pombe vinaweza kuzima pumzi za mtu usingizini.

Kitu cha pili anachopewa mgonjwa ni vitamini B1, iitwayo thayamini. Watu huidharau kwa sababu ni vitamini, na hapo wanakosea. Pombe huzuia mwili kuifyonza, na walevi wengi hawali vizuri, hivyo akiba yao huwa imekwisha. Upungufu wake ukizidi, mtu huchanganyikiwa, hupepesuka na macho yake hushindwa kusogea vizuri, na asipotibiwa mapema anaweza kupoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya maisha yake yote. Tena kumtundikia dripu ya sukari mtu mwenye upungufu huo bila kumpa thayamini kunaweza kuharakisha madhara. Kwa hiyo ile desturi ya kumwita jirani mwenye ujuzi kidogo aje kutundika dripu nyumbani si msaada. Hospitali pia hupima sukari, malaria, ini na jeraha la kichwa, maana mlevi aliyeanguka anaweza kuwa na tatizo jingine lililojificha nyuma ya kutetemeka.

Si kila anayeacha anahitaji kulazwa. Mwenye dalili nyepesi, aliyeonwa na mhudumu wa afya na mwenye mtu wa kukaa naye usiku na mchana, anaweza kuuguzwa nyumbani. Anahitaji chumba tulivu chenye hewa, taa ya mwanga hafifu usiku ili vivuli visimtishe, na maji kidogo kidogo mara kwa mara. Uji, supu na madafu ni vizuri, kwa kuwa humpa maji na chumvi za mwili ambazo jasho na matapishi yamezichukua, ingawa dafu halizuii kifafa. Kahawa chungu, miraa na muguka viwekwe mbali kabisa. Vijana wengi hutafuna muguka ili kusahau pombe, bila kujua kwamba ni kichangamshi kinachouendesha mbio moyo ambao tayari unakimbia na kuukatisha usingizi ambao mwili unauhitaji. Anayemuuguza amwombe kila saa chache anyooshe mikono mbele na kutanua vidole. Wauguzi hufanya hivyo hivyo kuona kama mtetemeko unazidi au unapungua.

Lakini asibaki nyumbani yeyote aliyewahi kupata kifafa au kuweweseka alipoacha zamani, mjamzito, mzee, mwenye ugonjwa wa ini, moyo au kisukari, anayetumia pia vidonge vya usingizi, wala anayeishi peke yake. Na aliye nyumbani apelekwe mara moja akianza kuchanganyikiwa, kuona maruweruwe, kupata homa kali, kutapika bila kusita au kuanguka kifafa. Akianguka, msiweke kijiko wala kidole kinywani na msimshike kwa nguvu. Ondoeni vitu vigumu kando yake, na mshtuko ukitulia mlazeni ubavu ili mate na matapishi yasimwingie kifuani. Akilalamika kwamba macho yanaona ukungu au hayaoni, hiyo si arosto. Huenda amekunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, aina ya spiriti yenye sumu, na kila saa inayopita inaweza kumgharimu macho au uhai.

Neno moja kwa wake na akina mama ambao, kwa uchungu, humtilia mtu dawa ya disulfiramu kwenye chai ili achukie pombe. Dawa hiyo ni halali na huwafaa baadhi ya watu, lakini hutumiwa kwa hiari ya mgonjwa baada ya pombe kutoka mwilini, chini ya daktari. Akinywa pombe bila kujua ameimeza, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na moyo ukasimama. Wala haizuii kutetemeka wala kifafa.

Hapa kaunti, Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, na Hospitali ya Port Reitz, ambayo ina kitengo cha afya ya akili, ni mahali pa kuanzia. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, huelekeza watu kwa ushauri na vituo. Mkifika mapokezi msiseme tu kwamba mgonjwa "ana malaria" au "amerukwa na akili" kwa kuona haya, maana atatibiwa ugonjwa asiokuwa nao huku saa zikienda. Semeni alikunywa mara ya mwisho siku gani na saa ngapi, hunywa nini na kiasi gani kwa siku, kama amewahi kuanguka kifafa, na kama anameza vidonge vyovyote, vya duka la dawa au vya mtaani.